Chuo Huanzia Darasa la Kumi

Mzazi aliyesoma Bukavu, Kigoma au Kisumu ameijua shule kwa mtihani wa mwisho. Kongo kuna Examen d'État, Kenya kuna KCSE, Tanzania kuna kidato cha nne na baadaye cha sita. Kwa utaratibu huo mwanafunzi anaweza kuzembea miaka miwili, akazinduka mwaka wa mwisho, akakesha na vitabu, akalipiwa tuisheni na akafaulu, wala asiwepo wa kumuuliza alipata ngapi muhula wa pili wa kidato cha pili. Watu wa namna hiyo tunao katika kila ukoo, na baadhi yao leo ni madaktari. Ndiyo maana familia nyingi za Waswahili walioko Marekani, kuanzia Lexington na Louisville hadi Dallas, Phoenix na Minneapolis, humwambia mtoto wa darasa la kumi yale yale waliyoambiwa wao: wewe nenda taratibu, mwaka wa mtihani ukifika utakaza buti.

Marekani ushauri huo unamponza mtoto. Hakuna mtihani wa taifa unaokuja mwishoni kufuta yaliyopita. Sekondari ni miaka minne, darasa la 9 hadi la 12, na alama za kila somo hubaki katika rekodi moja ambayo chuo kitaiomba. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri, na wastani wake ndio unaoitwa GPA. Maombi ya chuo hutumwa darasa la 12 likiwa changa: vyuo vingi hupokea maombi ya mapema hadi Novemba 1 au 15, na ya kawaida hadi mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo siku faili linapofunguliwa, iliyokamilika ndani yake ni miaka mitatu tu, na darasa la kumi ni theluthi nzima ya hiyo.

Piga hesabu. Mwanafunzi aliyepata C tupu darasa la 9 na la 10, kisha akaamka na kupata A tupu darasa la 11, anaomba chuo akiwa na wastani wa 2.67. Mwenzake aliyeamka mwaka mmoja kabla anaomba akiwa na 3.33. Wanaweza kuwa na akili sawa na bidii sawa, lakini mmoja ataomba ufadhili ambao mwingine hataruhusiwa hata kuujazia fomu. Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi tisa za shahada ya kwanza, kinakwenda mbali zaidi. GPA kinayotumia katika udahili hukokotolewa kwa masomo ya darasa la 10 na la 11, basi, na alama za SAT na ACT, mitihani ya udahili, kimeacha kuziangalia katika kuchagua wanafunzi. Anayesubiri mtihani wa kumwokoa pale, anasubiri kitu ambacho hakipo.

Kentucky, ambako familia zilizotoka Kongo zimekifanya Kiswahili kiwe lugha ya kawaida katika shule za Lexington, imeligeuza jambo hili kuwa fedha taslimu. Mpango wa ufadhili wa jimbo hilo, unaojulikana kwa kifupi kama KEES, humwekea mwanafunzi anayetimiza masharti fedha za chuo kwa kila mwaka wa sekondari, kulingana na GPA ya mwaka huo: dola 125 kwa wastani wa 2.5, zikipanda hadi dola 500 kwa 4.0. Akisoma chuo ndani ya jimbo na kudumisha alama, kiasi hicho hulipwa upya kila mwaka wa chuo. Yaani darasa la kumi peke yake, likimalizwa kwa 4.0, laweza kuleta dola 2,000 katika miaka minne. Likimalizwa kwa 2.4, halileti kitu.

Hata hivyo alama ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni alama za masomo yapi, na naamini hapa ndipo watoto wetu wanapoumia zaidi, kwa kuwa hakuna kengele inayolia. Hisabati ya sekondari za Marekani hupandwa ngazi kwa ngazi: aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, maandalizi ya kalkulasi, kisha kalkulasi. Chukua binti wa miaka 15 anayesema anataka kuwa mhandisi. Yuko darasa la kumi, anasoma jiometri, anapata A. Nyumbani wamefurahi, na wana haki ya kufurahi. Lakini hesabu miaka iliyobaki: darasa la 11 aljebra ya pili, darasa la 12 maandalizi ya kalkulasi, na sekondari imekwisha. Kalkulasi hajaigusa, na vyuo vya uhandisi vyenye ushindani mkali hutarajia kuikuta kwa mwombaji ambaye shule yake inaifundisha. Binti huyu hajafeli mtihani wowote. Alipangiwa ngazi ya chini wiki aliyofika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na mtu asiyeweza kuisoma karatasi ya shule aliyokuja nayo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza.

Njia za kumpandisha zipo. Anaweza kusoma aljebra ya pili katika likizo ya kiangazi, au kuchukua masomo mawili ya hisabati kwa mwaka mmoja, au kusoma moja katika chuo cha jamii huku akiwa bado sekondari, mpango ambao majimbo mengi huulipia kwa sehemu au wote. Njia hizi zina maana akiwa darasa la kumi. Akishafika la 12 hazimsaidii tena.

Masomo ya mwaka unaofuata hupangwa mapema kuliko wengi wanavyodhani, katika shule nyingi kati ya Januari na Machi. Fomu hufika nyumbani kwa Kiingereza, siku hizi mara nyingi ndani ya simu ya mtoto mwenyewe. Mtoto huchagua walichochagua rafiki zake, mama hutia sahihi akiwa anavaa sare ya kwenda shifti ya usiku, na dakika tano zimeamua kama kijana atasoma kemia au la. Hizo ndizo dakika ambazo ningemwomba kila mzazi azipiganie. Aombe kikao na mshauri wa shule kabla ya fomu kufungwa, aulize mambo matatu: mwanangu atamalizia hisabati ngazi gani akiendelea hivi, ni masomo yapi ya ngazi ya juu anayoweza kuingia mwaka ujao, na kuna kitu gani kinachomzuia. Chama cha washauri wa shule nchini humo kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na wastani wa nchi uko juu ya hapo. Mshauri mwenye wanafunzi wengi hivyo hawezi kumjua mtoto ambaye mzazi wake hajawahi kukanyaga ofisini. Sisi tumelelewa kumwachia mwalimu kazi yake, na kumfuatafuata ni kama kumvunjia heshima. Marekani mzazi aliyenyamaza huhesabiwa kuwa ameridhika.

Kizuizi kinachojificha zaidi ni madarasa ya Kiingereza kwa wanaojifunza lugha. Madarasa yenyewe ni mema na mtoto anayahitaji. Ubaya huja anapoachwa humo miaka mitatu, na kwa sababu ya Kiingereza chake akawekwa pia katika sayansi na hisabati za chini, ilhali hisabati anaijua. Sheria haikubali hivyo. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoletwa na familia za Kichina za San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza kitabu kile kile na mwalimu yule yule bila kumsaidia lugha si kumtendea sawa na wenzake. Mzazi anayeuliza ni lini mwanawe atapimwa tena lugha, na ni kipi anakikosa akiwa humo, anauliza haki yake. Na kwa vijana waliofika wakiwa wakubwa, wengine na vyeti vya mtaala wa Kongo waliousoma kambini Nyarugusu, wengine na vya Kenya kutoka kambi ya Kakuma, kuna swali la nne: masomo aliyosoma kule yamehesabiwa? Wapo wanaorudia mwaka mzima wa masomo waliyokwisha kuyafaulu kwa sababu tu hakuna aliyepeleka karatasi.

Sasa tazama kikao cha mzazi na mwalimu. Mwalimu wa hisabati anaeleza kwa upole kwamba kijana hajaleta kazi sita tangu Septemba. Mama anamgeukia mwanawe.

"Anasema nini?"

"Anasema niendelee hivi hivi, mama, ila niongeze bidii kidogo."

Mama anatabasamu na kumshukuru mwalimu kwa maneno machache ya Kiingereza aliyonayo. Mwalimu anaamini ujumbe umefika. Wote wawili wanaondoka wameridhika, na kijana hana hata haja ya kuitwa mwongo. Amewekwa mahali ambapo kijana yeyote wa miaka 16 angejilinda.

Kikao hicho hakikupaswa kwenda hivyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inazibana shule zinazopokea fedha za serikali kuu kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani huwa ni gharama ya shule, si ya mzazi wala ya kanisa lake. Mtoto hapaswi kuwa mkalimani wa kikao kinachomhusu. Mzazi aombe mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla, na kama Kiswahili chake ni cha Lubumbashi au Goma na mkalimani anazungumza cha Nairobi asichokifuata, aseme bila haya. Vilevile aombe kuingizwa katika programu ambayo shule huandikia alama. Kentucky hutumia Infinite Campus, na humo mzazi huona kwa simu kazi ambayo haijaletwa. Kazi isiyoletwa ndiyo adui mkubwa wa GPA, kuliko mtihani mgumu. Mwanafunzi mwenye 90 katika kazi nne na sifuri katika ya tano ana wastani wa 72. Mwalimu akisoma 72 haoni uvivu wa siku moja, anaona mtoto wa C.

Kuhusu mitihani ya udahili sitakaa sana, maana darasa la kumi bado ni mapema. SAT na ACT hufanywa zaidi darasa la 11. Baada ya janga la korona vyuo vingi viliiacha iwe hiari, kisha baadhi vikairudisha, MIT mwaka 2022, Dartmouth na Harvard mwaka 2024, kwa hiyo si busara kuipuuza. Mwanafunzi wa darasa la kumi anaweza kujaribu PSAT, mdogo wa SAT, ambao alama yake haipelekwi kwenye maombi ya chuo. Mazoezi ya SAT yapo bure katika Khan Academy. Sioni sababu ya familia ya mfanyakazi wa ghala kulipa mamia ya dola kwa tuisheni ya mtihani huu wakati mtoto hajafika aljebra ya pili, kwani sehemu ya hisabati imejengwa juu ya aljebra. Na sehemu ya kusoma humwendea vizuri anayesoma vitabu kila wiki kwa muda mrefu, jambo ambalo maktaba ya mtaa hulitoa bila malipo.

Ila PSAT ina mtego mmoja. Mwanafunzi akikubali jina lake lipewe vyuo, barua huanza kumiminika: bahasha nene, rangi za chuo, jina la mtoto limechapwa kwa herufi kubwa, maneno ya kumwambia kwamba wamevutiwa naye. Wazazi wengine wamezipiga picha na kuzituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wakiamini mtoto amekubaliwa. Ni matangazo. Chuo kinachokubali watu wachache sana hupeleka barua hizo kwa maelfu, na ukizitazama vizuri hazina neno la udahili wala la fedha.

Fedha ndiyo sehemu inayonishangaza kila mara, kwa sababu saa yake huanza kugonga kabla familia haijaanza kuzungumzia chuo. Msaada wa serikali kuu huombwa kwa fomu ya FAFSA, ambayo ni bure, na kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1 ya darasa la 12. Lakini fomu hiyo haiulizi kipato cha mwaka huo. Mwanafunzi atakayeanza chuo Agosti 2028 atajaza fomu ya mwaka wa masomo 2028–29, nayo huangalia kodi ya mwaka 2026. Mwaka 2026 unaanza akiwa katikati ya darasa la kumi. Kwa hiyo ritani ya kodi ya mwaka huo ndiyo itakayosema familia inaweza kuchangia kiasi gani. Baba anayeendesha lori lake mwenyewe na mama anayesuka nywele nyumbani wanapaswa kuweka risiti za dizeli, vipuri na rasta kuanzia Januari hiyo, na kufaili ritani iliyo sahihi, kwa mtu anayeijua kazi, si kwa jamaa anayeahidi kurudishiwa fedha nyingi kwa kuandika uongo.

Mawili zaidi kuhusu fomu hiyo. Akiba iliyo kwa jina la mtoto huhesabiwa kwa asilimia 20 kuwa inaweza kulipia chuo, wakati ya mzazi haizidi asilimia 5.64, hivyo kumfungulia kijana akaunti ya maelfu ya dola kwa nia njema kunaweza kumpunguzia msaada. La pili, dola unazomtumia mama yako Uvira kila mwezi hazina mahali katika fomu. Kwa macho yake fedha hizo bado unazo. Ofisi ya misaada ya chuo ina mamlaka ya kurekebisha hesabu kwa mazingira ya pekee ikiletewa ushahidi, na hailazimiki kukubali, lakini asiye na stakabadhi za kutuma fedha hana hata pa kuanzia. Raia na wenye green card wanaruhusiwa kuomba msaada huu; wenye hadhi nyingine za uhamiaji waulize sasa, si darasa la 12.

Na bei iliyoandikwa kwenye tovuti ya chuo isimkatishe mtu tamaa. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi, ilifikia hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26. Tangu 2011 sheria inavitaka vyuo vinavyopokea misaada ya serikali kuu kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi, kinachokuonyesha makadirio ya utakacholipa baada ya misaada. Harvard ilitangaza mwaka 2025 kwamba familia yenye kipato cha hadi dola 100,000 haitalipa kitu. Siitaji Harvard ili kila mtoto aiombe; naitaja kwa sababu chuo chenye bei ya kutisha kinaweza kuwa rahisi kwa maskini kuliko chuo cha kawaida cha jimbo jirani, na huwezi kulijua hilo bila kukaa mbele ya kikokotoo na ritani yako mkononi.

Kuhusu shughuli za nje ya darasa, wazazi wetu hufikiri chuo kinataka piano na tenisi. Fomu ya pamoja ya maombi inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000 ina nafasi kumi za shughuli, na miongoni mwa aina zilizoorodheshwa zimo kazi ya mshahara na majukumu ya nyumbani. Binti anayewapokea wadogo zake watatu, kuwapikia na kuwasimamia masomo hadi mama atoke kazini, ana jambo zito la kuandika. Aanze kuweka kumbukumbu: saa ngapi kwa wiki, tangu lini. Hata hivyo naomba wazazi wapime. Majukumu hayo yakimmaliza hadi akalala darasani, hakuna sentensi ya fomu itakayofidia GPA iliyoanguka, na mara nyingi anayebebeshwa ni binti huku kaka yake yuko uwanjani.

Kiswahili nacho ni mali shuleni, na ni wachache wanaoitumia. Majimbo mengi hutoa muhuri wa lugha mbili kwenye diploma, utaratibu ulioanzia California mwaka 2011, kwa mhitimu anayethibitisha kumudu Kiingereza na lugha nyingine, na mitihani ya kupima Kiswahili ipo. Vyuo vingi hutaka angalau miaka miwili ya lugha ya kigeni, na kuna shule zinazokubali lugha ya nyumbani itimize sharti hilo ikithibitishwa, hivyo mtoto akapata nafasi kwenye ratiba kwa ajili ya sayansi. Tatizo ni kwamba vijana wetu wanakisema Kiswahili lakini wengi hawakisomi wala kukiandika. Darasa la kumi linaacha muda wa kutosha wa kufundishwa nyumbani, kwa magazeti, kwa hadithi, hata kwa kumwandikia bibi ujumbe mrefu kila Jumapili.

Wapo watakaoyasoma haya mtoto akiwa tayari amelivuruga darasa la kumi, au amefika nchini akiwa na miaka 17 na Kiingereza cha miezi sita. Kwa hao chuo cha jamii ni njia ya heshima. Hupokea karibu kila aliyemaliza sekondari, ada yake ni ndogo, na jimbo kama Tennessee, kwa mpango wake wa Tennessee Promise, humlipia ada mhitimu anayetimiza masharti. Baada ya miaka miwili anaweza kuhamia chuo kikuu, ambako alama za chuo zitapewa uzito kuliko zile za sekondari. Chuo Kikuu cha California huwapa kipaumbele wanaohama kutoka vyuo vya jamii vya jimbo hilo. Hatari iko kwenye masomo yasiyohamishika: mwanafunzi husoma miaka miwili, akifika chuo kikuu anaambiwa nusu ya alichosoma haihesabiwi kwa shahada anayoitaka. Kabla ya kujiandikisha muhula wa kwanza, aombe kwa maandishi orodha ya masomo ambayo chuo kikuu fulani, kwa shahada fulani, kitayapokea, na asichukue somo nje ya orodha hiyo bila kuuliza.